Siku Zamu ya Maji Iliposimama

Ukiacha msikiti, mahali ninapopapenda kuliko pote kijijini kwetu ni pale karibu na lango la juu, penye ukuta mfupi wa udongo, ambapo watu hukaa kungoja maji. Hapana kiti wala benchi. Pana ukingo wa mfereji tu, uliolainika kwa kukaliwa na wengi waliotangulia, na ukitia miguu ndani ya maji, visamaki vyembamba huja kukudonoa vidole kama vinavyokuuliza hali. Mimi hutoka nyumbani mapema makusudi, zamu yangu ikiwa bado iko mbali, nikaenda kukaa. Mke wangu husema mimi siendi kungoja maji, naenda kulala nje. Na kweli, mara nyingi narudi na vumbi la ukuta mgongoni mwa kanzu.

Kijiji chetu kiko Omani, upande wa Ibra, baina ya vilima vya mawe meusi na ule mchanga mkubwa unaoanzia kusini. Maji yetu ni ya falaji, mfereji ambao watu wa kale waliuchimba chini ya ardhi kutoka miguuni mwa mlima, ukaja ukajitokeza kijijini na kugawika kwenye mashamba ya mitende. Kila shamba lina zamu yake. Zamu ikikufikia, aliyekutangulia anaziba lango lake, nawe unafungua lako, na lango lenyewe ni jiwe bapa lililokazwa kwa matambara. Maji yanakuwa yako kwa muda uliopimiwa, kisha yanakwenda kwa mwengine. Msimamizi wa mambo haya tunamwita arifu. Maarifu wa zamani walipima kwa kivuli cha kijiti kilichochomekwa ardhini. Huyu wetu wa sasa anapima kwa simu yake, na muda ukitimia simu hiyo huwika kama jogoo, na sisi wazee wazima hucheka kila inapowika.

Mimi sikuzaliwa hapa. Nimezaliwa Unguja mjini, nikasoma chuoni huko kwa masheikh waliokuwa wakitupiga kidogo na kutupenda sana, nikaja huku kijana na kifurushi cha nguo. Umri wangu wote nimesomesha Kurani na fiqhi, kwanza Nizwa, halafu hapa, na hata leo wapo watu wenye mvi wanaoniita maalim. Nikiwa pale ukingoni macho yakianza kuwa mazito, naliona bomba la mtaani kwetu Unguja, nazisikia ndoo zinavyogongana. Kule ndoo ndiyo iliyokuwa ikipanga foleni. Unaiweka, unakwenda zako kucheza, unarudi unaikuta imesogea au imesogezwa, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Huku hakuna cha kukuwekea nafasi. Lazima uwepo mwenyewe, na masikio yako yawe wazi. Nadhani ndiyo sababu kungoja kwa huku kunafanana na ibada. Mtu amekaa, ametulia, anasubiri kitu ambacho hakukiumba yeye wala hawezi kukiharakisha.

Miaka hii ya karibuni mvua imekuwa haba. Mawingu yanakuja, yanakaa juu ya milima kama wageni wasiotaka kuingia ndani, kisha yanaondoka. Maji ya falaji yakapungua mpaka ukiyatazama unaona mawe ya chini ambayo hatukuwahi kuyaona. Zamu iliyokuwa ikirudi kila wiki ikawa hairudi mpaka zaidi ya nusu ya mwezi ipite, na ikirudi inarudi na maji membamba. Juu ya hayo kuna kanuni ya tangu zama: maji ya mchana ni ya mashamba ya juu, na jua likizama maji yanakuwa ya mashamba ya ng'ambo ya barabara. Likikutangulia kuzama, umekosa. Unangoja mzunguko mwengine. Haina ugomvi kanuni hiyo, lakini kiangazi kile ninachokisimulia kila mtu alikuwa akilitazama jua kama mtu anayemtazama mwenye nyumba akija.

Shamba si langu. Ni la mke wangu, karithi kwa baba yake. Na ndani ya shamba hilo kulikuwa na jambo ambalo kwake lilikuwa kubwa kuliko mitende yote.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Unguja hasa. Alipofika huku na mumewe hakukipenda kitu. Jua kali, mawe makali, wali hauna nazi. Kitu cha pekee alichokula kwa raha ni tende, na kokwa alikuwa akizitupa nyuma ya jiko. Kokwa moja ikaota. Wenyeji walimwambia aing'oe, kwa sababu mtende wa kokwa haufuati mama yake. Ukipanda kokwa ya khalas, ile tende maarufu, haioti khalas, unaota mtende usiojulikana jina, na mara nyingi tende zake hazifai ila kwa ng'ombe. Yeye akakataa. Akasema na yeye pia kaja huku hajulikani jina. Mtende ule ukakua, ukazaa tende ndefu, rangi ya asali iliyochomwa, zenye ladha ambayo nikijaribu kuieleza nakwama. Kuna kitu cha iliki ndani yake. Waliocheka wakawa wanakuja na vibakuli.

Mwaka ule susa akauingia mtende huo. Susa ni mdudu mwekundu anayekula moyo wa mtende kwa ndani, na mpaka uje kujua, umeshakwisha. Ukakatwa na kuchomwa moto, hilo ndilo sharti, asiende kwa mingine. Mke wangu alikaa mlangoni siku nzima na kanga puani. Lakini shinani mwa mtende ule kulikuwa na mtoto mmoja, chipukizi moja tu, halikuguswa na mdudu. Likang'olewa kwa uangalifu, likapandwa upande wa pili wa shamba. Mtoto wa mtende, tofauti na kokwa, anamfuata mama yake kwa kila kitu. Kwa hiyo tende ile ya mama mkwe, ambayo haikuwepo popote pengine chini ya jua, ilibaki ndani ya kichipukizi kile kilichofungwa majani yake kwa kamba kama mtoto aliyevishwa kofia.

"Yumo ndani ya arubaini yake," mke wangu akawa anasema. "Mtu aliyemo ndani ya arubaini hatoki, hapigwi na upepo, wala hakosi maji ya moto."

"Huyu atosheke na ya baridi," nikamwambia.

"Hata ya baridi tuyapate."

Na kweli, mtoto wa mtende aliyehamishwa hana mizizi ya kutegemea. Siku zake za mwanzo ardhi ikikauka hadi chini, anakufa, na haonyeshi mpaka wiki kadhaa zipite. Tulikuwa tukimpelekea maji ya nyumbani kwa madumu ndani ya gari, mimi na yeye, polepole kwa sababu ya migongo yetu. Maji ya dumu yanalowesha juu, mchanga unayanywa, na kesho hujui kama uliyamwaga hapo. Binti yetu aliye mji wa Sur akapiga simu.

"Baba, agizeni gari la maji, yaishe haya."

"Njia ya shambani ni ya punda, mwanangu. Gari la maji litapita juu ya kuta?"

"Basi nunueni huyo punda."

Kilichohitajika ni maji ya falaji yaje yenyewe, yajaze bonde dogo tulilomchimbia, yakae, yazame mpaka chini. Mara moja tu ya namna hiyo ingemvusha. Zamu iliyopita jua lilitutangulia. Arifu na jirani yetu, ambao wanajua mitende kuliko mimi ninavyojua sarufi, walimtazama wakasema neno moja: akikosa na zamu inayokuja, msihangaike tena.

Huyo jirani nimweleze. Shamba lake na letu yametengwa na tuta la udongo tu, na zamu yake hutangulia yetu. Kazaliwa Pemba, ukoo wake ni wa hapahapa, na ulimi wake haujawahi kumpumzisha mtu. Ana miti ya ndimu, safu kwa safu, na ndimu hizo ndizo roho yake. Kiangazi kile zilikuwa zinapukutisha majani. Alikuwa akipita akiyaokota na kuyatia mfukoni, sijui kwa nini.

Na baada ya zamu yetu ilikuja zamu ya mwisho ya mchana, ya mzee tuliyemwita mzee wa mkiani, kwa kuwa shamba lake liko mkiani mwa mfereji. Yeye ndiye aliyekuwa akingoja kuliko sote na kukosa kuliko sote. Kila mmoja wetu akichelewa kidogo, ucheleweshaji wote unamwangukia yeye. Alikuwa mwembamba, hasemi sana. Jua likizama kabla hajapata, alikuwa akijifuta miguu yake kwa ncha ya kilemba, anasema "Alhamdulillahi," anaondoka. Jirani alikuwa akimtania: "Yakhe, wewe siku ya kiyama utakuwa wa mwisho kuulizwa." Naye akajibu mara moja tu, nakumbuka: "Vizuri. Nitakuwa nimeshasikia majibu yenu."

Siku ya zamu yetu nilisali alasiri nikaenda nikakaa mahali pangu. Mke wangu alikuwa ameshatangulia shambani na jembe na mkeka. Jua lilikuwa na joto lile la mwisho, ukuta ulinipasha mgongo, na maji yalikuwa yakipita mbele yangu kuelekea kwa jirani yakisema maneno yale yale yanayoyasema siku zote, ambayo mtu akisinzia hudhani ameyafahamu. Nikasinzia. Nikaona bomba la mtaani kwetu, na mama mkwe wangu amesimama foleni pale, ingawa hakuwahi kuishi mtaa wetu, na mkononi hana ndoo, ana bakuli la tende. Nikataka kumpisha. Akasema, "Kaa tu, maalim, mimi sina haraka."

Sauti ya jirani ikaniamsha. Alikuwa amekuja kuchungulia muda wake kwa arifu.

"Sheikh amekufa au amelala?"

"Amelala," akasema arifu. "Anakoroma kwa tajwidi."

"Maalim, amka. Kidogo tu simu ya huyu bwana itawika na maji yatakuwa yako. Jua unaliona? Unalo la kutosha, ukiharakisha."

Nikalitazama. Kweli, lilikuwa la kutosha, juu ya vilima kiasi cha viganja viwili ukinyoosha mkono. Nikatazama pia upande wa kushoto wa ukingo, ambapo mzee wa mkiani hukaa. Hakuwepo. Nikaona ajabu.

Hapo ndipo alipokuja mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye watoto, akitembea haraka bila viatu.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba. Baba yako yuko wapi leo?"

"Baba ametutangulia, maalim. Alilala baada ya adhuhuri, tukaenda kumwamsha kwa ajili ya zamu. Aliusia uje umwoshe wewe."

Tukasema sote inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Arifu akasimama, akaitia simu yake mfukoni, akainua mkono.

"Malango yabaki yalivyo," akasema.

Hii ni desturi ya falaji yetu, na sijaisikia pengine. Mahali petu pa kuoshea maiti pako juu ya mfereji, chumba kidogo cha mawe kando ya msikiti, na maji yanapita ndani yake. Maiti akioshwa, hakuna anayegusa lango lolote, kwa sababu lango likifunguliwa au kuzibwa, maji ya mle chumbani hupanda au hushuka, na maji ya kumwosha mtu yanatakiwa yatulie. Muda hauhesabiwi. Maji yakiwa kwa fulani, yanabaki kwa fulani mpaka maiti avishwe sanda na atolewe. Lakini jua halisimami. Likizama, limezama.

Maji yalikuwa kwa jirani. Yeye alitazama chini, akaokota jani, akaondoka kwenda shambani kwake.

Nikampigia simu mke wangu nikitembea.

"Mzee wa mkiani amefariki."

Akasoma alichosoma. Kisha akauliza, "Nani anamwosha?"

"Wameniita mimi."

Nikasikia shomoro kwenye simu, wengi, wanavyopiga kelele shambani jioni.

"Malango yamesimama, basi," akasema.

"Yamesimama. Maji yako kwa jirani."

"Nenda, maalim." Kisha kabla sijakata: "Usimharakishe mzee wa watu."

Chumba kile kina tundu moja juu, na jua la jioni linaingia kupitia hapo, linapiga maji, na mwanga unacheza darini kama kitu kilicho hai. Tulikuwa wanne, mimi na wanawe. Walikuwa hawajawahi kuosha maiti, wakawa wananitazama mikono. Nikawaambia wasiogope, wamshike kama walivyoshikwa na yeye walipokuwa wadogo. Tukamsitiri, tukamtawadhisha, tukaanza na upande wa kulia. Majani ya mkunazi yaliyosagwa yakatoa povu jepesi. Mwana mmoja alikuwa akimimina maji kwa haraka, kwa hofu tu, nikamshika mkono nikamwambia pole pole, maji yapo.

Maji yapo. Niliposema maneno hayo nikamkumbuka mtoto wa mtende, na mke wangu juu ya mkeka na jembe pembeni. Najua ni kitu gani kinachowezekana kufupishwa katika kuosha na kitu gani hakiwezekani. Nimeyasomesha hayo miaka mingi. Yangeweza kufupishwa, na kusingekuwa na dhambi. Nilikaa na wazo hilo kama mtu anavyokaa na mgeni, bila ya kumfukuza, mpaka likaondoka lenyewe.

Miguu ya mzee ilikuwa imepasuka nyayo kwa miaka ya kukanyaga tope, na ndani ya nyufa kulikuwa na udongo ambao haukuwa umetoka tangu zamu yake ya mwisho, au pengine tangu ujana. Nikausafisha ufa mmoja mmoja kwa kitambaa. Nje hapakuwa na sauti ya jembe wala ya lango, watu wote wamekaa. Nikafahamu kuwa hii ilikuwa mara ya kwanza kwa mzee huyu. Maisha yake yote yeye aliyangoja maji, na sasa maji ya kijiji kizima yalikuwa yamesimama yanamngoja yeye, na sisi sote nyuma yake. Sikumharakisha. Maji ya mwisho tukayatia kafuri, tukamkausha, tukamvisha sanda. Tulipomtoa, jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya vilima, na kutoka ng'ambo ya barabara nikasikia watu wa usiku wakiitana kufungua malango yao.

Tukasali magharibi, tukamsalia, tukamzika. Nikarudi shambani kwa miguu, na kiza kile cha mwanzo ambamo kuta za udongo zinakuwa na mwanga wake wenyewe. Nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia mke wangu. Nimesomesha subira kwa vitabu, na sikupata neno moja lililofaa kumwambia mwanamke mzima juu ya tende ya mama yake.

Nikamkuta amesimama kando ya mtoto wa mtende, kanga ameikunja mpaka magotini, miguu yake ina tope hadi juu ya vifundo.

Nilidhani ni kiza. Nikainama nikagusa. Bonde lilikuwa limejaa maji, yametulia, na nyota moja imo ndani.

"Umefungua lango?" nikamuuliza.

"Mimi nifungue lango, watu wanaosha maiti?" Alikasirika kidogo. "Muulize rafiki yako."

Akanisimulia. Alikuwa amekaa juu ya mkeka anasoma Yasini kwa ajili ya mzee, akasikia jembe upande wa pili, nzito, mara kwa mara. Kisha sauti ya jirani:

"Wee bibi, ondoa mkeka wako, utakwenda na maji."

"Zamu si yetu, bwana. Wanaosha."

"Najua wanaosha. Zamu ni yangu. Maji yako kwangu. Na mimi nimeamua leo kumwagilia mtende wa jirani. Lango nimeligusa?"

"Hujaligusa."

"Nimebomoa tuta langu mwenyewe, kwa jembe langu. Kama kuna sharia inayokataza, mumeo ndiye msomi, aje anifunge jela."

"Na ndimu zako?"

"Ndimu zangu zimekunywa mpaka zinacheua. Ondoa mkeka."

Mke wangu aliponieleza hayo alicheka, kisha akaufunika uso kwa upande wa kanga. Mimi nikakaa chini juu ya jembe, nikaanza kufikiri. Maji yale yalibaki kwake kwa sababu ya maiti. Je, anaweza kumpa mwengine kitu alichobakishiwa kwa udhuru? Na anayepewa, akijua yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiosha?

"Usianze," akasema mke wangu.

"Sijasema kitu."

"Nakuona unavyopumua. Usianze, maalim."

Lakini mimi ni mtu niliyelelewa kuuliza, na asubuhi baada ya alfajiri nilimfuata arifu nikamuuliza. Alikuwa anakunywa kahawa. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

"Maalim," akasema, "mimi nayapima maji yakiwa mferejini. Yakishaingia shambani kwa mtu ni kama kahawa hii iliyomo kikombeni mwangu. Nikikupa unywe, nani atatuuliza?" Akanimiminia. Nikanywa.

Kutoka hapo nikapita kwa jirani kumshukuru. Hakuwepo, ameshakwenda sokoni Ibra. Nikasimama kwenye tuta lililobomolewa, nikatazama ndimu zake. Safu za mbele zilikuwa na maji shinani. Safu zote za nyuma, za karibu na ukuta, udongo wake ulikuwa mweupe, umepasuka, haukuonja hata tone. Majani yalikuwa chini mengi. Hakuna aliyeyaokota. Nilisimama pale muda mrefu, nikasoma dua niliyoikumbuka nikaondoka.

Nilipomkuta jioni ukingoni, nilimwambia Mungu amlipe.

"Kwa lipi?" akasema.

"Kwa la jana."

"La jana ni la jana. Sogea kidogo, umekalia mahali pa marehemu."

Nikasogea. Tukakaa, mahali pale baina yetu tukapaacha wazi.

Mzunguko uliofuata, zamu yetu ilipofika jua likiwa juu, mke wangu alikwenda mwenyewe na jembe akalizibua tuta kwa upande wetu, bila ya kuniuliza mimi wala kumuuliza yeye, akayaachia maji yaende kwenye zile safu za nyuma. Ndimu nyingine ziliitikia. Nyingine zilikuwa zimeshakwisha, na jirani akazikata akazifanya kuni, na alipozipitisha mbele ya nyumba yetu aliniambia moshi wa ndimu ni mzuri kwa samaki. Hiyo ndiyo mara ya pekee aliyozitaja.

Kuna namna ya kumjua mtoto wa mtende kama yu hai. Katikati yake pana jani moja lililojikunja, jembamba kama kalamu, na hilo ndilo moyo wake. Ukilivuta taratibu likija mkononi, limeoza chini na umemkosa. Mke wangu aliahirisha kulivuta wiki baada ya wiki. Kila nikimwambia, alisema kesho. Mvua ndogo ilipita, si kitu, lakini hewa ikabadilika, na mawe ya milimani yakaonekana karibu.

Asubuhi moja tulikuwa wawili tu shambani. Akavua pete yake akanipa nimshikie. Akapiga bismillahi, akalishika jani lile kwa vidole viwili, akalivuta. Halikuja. Akalivuta tena, kwa nguvu zaidi kidogo, kama mtu anayemtikisa mtoto aliyelala kuhakikisha anapumua. Likamkatalia.

Alibaki amelishika jani lile kwa muda, kisha akaniomba pete yake. Sikumpa mara moja. Nilikuwa nimekwenda sijida palepale udongoni, na pete imo ndani ya kiganja changu.